Punje ya Kwanza ya Barafu

Ukisimama Awasi mchana, pale barabara kuu ya kutoka Kisumu inapoendelea kupanda kwenda Kericho na nyingine ikichepuka kuelekea Chemelil na Muhoroni, utajiona uko kwenye sakafu ya bonde. Kaskazini umezibwa na ukuta wa milima ya Nandi. Kusini uko uwanda wa juu wa Nyabondo. Magharibi nchi ya Kano imelala tambarare hadi Ghuba ya Winam, na mashariki ardhi inaanza kuinuka, polepole kwanza, kisha kwa nguvu. Uso wa ziwa uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Kericho, safari ya saa moja hivi kwa matatu, iko karibu mita 2,000. Hewa inayosukumwa kutoka ziwani kuingia bonde hili haina pa kwenda ila juu.

Na hupanda kweli, karibu kila siku yenye jua. Ardhi hupata joto upesi kuliko maji, kwa hiyo ifikapo saa sita au saa saba mchana upepo wa ziwa umekwisha kuvuka mashamba ya mpunga ya Ahero na unaingia kwenye miwa ya Chemelil, umebeba unyevu wote uliouokota njiani. Huko juu unapambana na upepo unaotoka mashariki. Hewa mbili zikikutana hivyo, ile nyepesi yenye mvuke huinuka. Saa tisa alasiri mawingu yamekwisha kujengeka juu ya Kericho na Nandi, na ndani yake hutengenezwa mvua ya mawe kwa wingi unaofikiwa na sehemu chache sana duniani. Hesabu inayonukuliwa mara kwa mara katika maandishi ya hali ya hewa ni siku 132 za mvua ya mawe kwa mwaka. Siku 132 za barafu kutoka angani, katika nchi ambayo mstari wa ikweta unaikata pale Maseno!

Sisi wa chini tunaipata mvua hiyo ikiwa imebadilika. Katika anga la huku, hewa hufikia nyuzi sifuri za selsiasi kwenye kimo cha kama mita 4,800, na ndiyo sababu barafu iliyosalia ya Mlima Kenya inajishikilia kwenye vimo hivyo na kwenda juu. Jiwe linalodondoka kutoka hapo hadi Kericho husafiri zaidi ya mita 2,500 ndani ya hewa yenye joto, na kama ni kubwa hufika likiwa bado jiwe. Likiendelea hadi Awasi linaongezewa karibu kilomita nzima ya joto. Mara nyingi halifiki. Kinachofika ni yale matone mazito, ya baridi ya kushangaza, yanayopiga mabati jioni wakati wingu linateremka kutoka milimani kurudi ziwani. Mtoto akiyapokea kwa kiganja hushtuka. Maji hayo dakika chache tu zilizopita yalikuwa mawe.

Swali linalonishika si kwa nini mawe hayo yanayeyuka. Ni kwa nini yaliganda.

Litaonekana swali la kitoto. Shuleni tulifundishwa kwamba maji huganda kwenye nyuzi sifuri, tukaandika, tukapata alama. Lakini tangu mwaka 1724, Daniel Gabriel Fahrenheit, yule ambaye jina lake liko kwenye vipimajoto, alikwisha kuripoti kwamba maji safi aliyoyafungia ndani ya kioo yalibaki maji hata baada ya kupoa chini ya kiwango chake cha kuganda. Kipimo cha nyuzi sifuri ni cha kuyeyuka. Barafu ikivuka hapo huyeyuka bila kusita. Maji yakirudi hapo hayalazimiki kufanya lolote. Tone dogo safi la wingu linaweza kubaki maji kwenye nyuzi 10 chini ya sifuri, kwenye 20, kwenye 30, na likiwa halina uchafu wowote huendelea hadi kufikia takriban nyuzi 38 chini ya sifuri. Katika wingu la Kericho, hiyo ni sehemu nene ya anga, kutoka kimo cha mita 4,800 hadi kilomita kumi na kitu, iliyojaa maji ambayo kwa sheria yangekuwa barafu zamani.

Jambo hili halihitaji ndege ili kulishuhudia. Liko kwenye friza ya duka lolote linalouza maji ya chupa kando ya ile barabara. Boksi moja la chupa, zote za kiwanda kimoja, zimelazwa usiku kucha. Asubuhi chache zimekuwa barafu, nyingine bado ni maji, ingawa zote zimepoa sawa. Chukua moja ya hizo ambazo bado ni maji, ishike shingoni, igonge kidogo kwenye kaunta. Chini ya kifuniko hutokea nyuzinyuzi nyeupe, zinashuka, zinatawanyika, na kabla hujavuta pumzi mara mbili chupa nzima imekuwa na ukungu. Ukiifungua sasa utakuta si barafu ngumu. Ni uji wa barafu. Maji yakiwa yamepoa hadi nyuzi 6 chini ya sifuri, kinachoganda papo hapo ni sehemu 7 au 8 tu kwa 100, kisha zoezi linakwama. Linakwama kwa sababu maji yanapoganda hutoa joto, jouli zipatazo 334 kwa kila gramu, na joto hilo huipandisha chupa nzima hadi nyuzi sifuri. Kuganda kunapasha moto. Naomba msomaji alishike hilo, maana tutalihitaji tukirudi mawinguni.

Kwa nini chupa moja igande na jirani yake isigande? Hapa ndipo inapoingia kazi ya watu wanaojiita wanakemia wa kifizikia, hasa wale waliojikita katika mekanika ya takwimu, yaani elimu ya kukadiria mwenendo wa vitu vidogo vilivyo vingi mno kuhesabika kimoja kimoja. Gramu moja ya maji ina molekuli ambazo idadi yake huandikwa kwa 33 ikifuatwa na sufuri 21. Hakuna atakayezifuata. Ludwig Boltzmann wa Vienna na Josiah Willard Gibbs wa Chuo Kikuu cha Yale, katika nusu ya pili ya karne ya 19, walitambua kwamba hakuna haja ya kuzifuata. Kinachotakiwa ni kujua idadi ya namna ambazo molekuli hizo zinaweza kujipanga, na kila mpangilio unagharimu nishati kiasi gani. Boltzmann alifariki mwaka 1906 wakati bado kulikuwa na wanasayansi wakubwa wasiokubali kwamba atomu zipo, na kanuni inayounganisha entropia na idadi ya mipangilio imechongwa kwenye kaburi lake. Gibbs ndiye aliyetuachia ufunguo wa barafu.

Hoja yake ni hii. Barafu ndogo sana ina sehemu mbili: ndani yake na ngozi yake. Ndani, molekuli zimepata nafuu, maana chini ya sifuri ni rahisi zaidi kwao kuwa barafu kuliko kuwa maji. Lakini kwenye ngozi, pale barafu inapogusana na maji, kuna gharama. Punje ikiwa ndogo, karibu yote ni ngozi, na gharama inazidi faida. Kwa hiyo punje hiyo husambaratika. Ndani ya lile tone linaloonekana limetulia, kila wakati molekuli zinajaribu: makumi machache yanashikana kwa mpangilio wa barafu, yanaachana, mengine yanashikana mahali pengine, yanaachana. Bahati ikitokea kundi moja likavuka ukubwa fulani, mamia hivi ya molekuli kwenye baridi kali, faida inaipita gharama, na kuanzia hapo kila molekuli inayoongezeka inafanya ya pili iwe rahisi zaidi. Tone zima linageuka. Nadharia hii ilikamilishwa kati ya mwaka 1926 na 1935 na wanakemia na wanafizikia wa Ujerumani, Max Volmer na Richard Becker wakiwa miongoni mwao, na hadi leo ndiyo tunayoanzia, ingawa makadirio yake ya nambari yanahitaji kusahihishwa mara kwa mara.

Kinachonivutia katika nadharia hiyo ni uaminifu wake. Haikuambii tone hili litaganda saa ngapi. Inakuambia kwamba katika matone 1,000 yaliyo sawa, kiasi fulani yatakuwa yameganda baada ya dakika moja, na kwamba ukishusha joto nyuzi moja tu zaidi karibu na kile kiwango cha 38, kasi ya kuganda itaongezeka mara kumi au zaidi. Kuhusu wengi ina uhakika mkubwa. Kuhusu mmoja inanyamaza. Nimekutana na watu waliosoma sana wanaoona huko ni kushindwa kwa sayansi, na siafikiani nao hata kidogo. Kujua mpaka wa unachoweza kukisema, na kuukadiria mpaka wenyewe kwa nambari, ni ujuzi wa hali ya juu.

Siku ya soko Awasi utaona jambo hilohilo likifanywa na watu. Kina mama wamepanga nyanya, omena na sukuma wiki chini, kila mmoja ana karatasi yake ya nailoni imekunjwa kando. Wingu limeshaziba Nandi. Kila mmoja ameliona, kila mmoja yuko tayari, na hakuna anayefunika, maana anayefunika mapema hupoteza wateja. Nilimuuliza mmoja wao, mama wa makamo aliyekuwa akiuza nyanya, kwa nini hafuniki na radi tunaisikia. Akanijibu bila kuacha kupanga mafungu yake: “Mwanangu, huyu wa pembeni akisimama, nitasimama.” Baada ya kitambo mama mmoja mwisho wa safu alisimama akakunjua nailoni yake. Safu nzima ikafunikwa kabla sijafika barabarani. Ukimwuliza yule wa kwanza kwa nini alisimama dakika ile na si nyingine, hatakuwa na jibu kubwa: tone moja lilimgusa shingoni, au alichoka tu. Jibu kubwa liko kwa wale wengine wote waliokuwa tayari.

Katika wingu, anayesimama wa kwanza huwa ni uchafu. Tone la wingu si safi. Ndani yake mna vumbi, moshi, chumvi, chavua, vipande vya majani. Vingi havisaidii kitu. Lakini chembe chache zina uso ambao molekuli za maji zikitua juu yake hujikuta zimekaa karibu na mpangilio wa barafu, na ile gharama ya ngozi inapungua sana. Chembe hizo ni adimu. Katika lita moja ya hewa ya wingu mna matone laki moja au zaidi, na kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, kwa kawaida, chembe zenye uwezo wa kuanzisha barafu ni kama moja. Moja kwa laki. Hiyo moja ikishaganda, huanza kukua kwa kuyala majirani: kila tone lililopoa kupita kiasi linaloigusa linaganda juu yake papo hapo. Upepo unaopanda unaibeba, inanenepa, inazidi uzito, inaanguka.

Ukiipata punje ya mvua ya mawe kule juu, Kapsoit au Kericho, na ukaiwahi kwa wembe kabla haijayeyuka, utaona historia yake yote imeandikwa ndani. Katikati kuna kiini cha milimita chache. Kukizunguka kuna tabaka jeupe kama maziwa, kisha jingine linalopitisha mwanga, kisha jeupe tena. Jeupe liliganda haraka, mahali penye baridi kali, hewa ikanaswa ndani kwa vipovu vidogo. Lile linaloonyesha liliganda polepole, mahali penye maji mengi, ambapo ile nishati ya kuganda ililiweka jiwe karibu na nyuzi sifuri na maji yakapata muda wa kuenea na kuiachia hewa itoke. Hivyo unaweza kusoma jiwe lilipita wapi angani. Ila kiini, ile punje ya kwanza, hakisomeki kwa macho.

Na hapa Kericho iliingia katika historia ya sayansi kwa njia ambayo watu wengi wa huku hawajapata kuisikia. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, katika Chuo Kikuu cha Wyoming nchini Marekani, Gabor Vali na mwanafunzi wake Russell Schnell waligundua kwamba majani yanayooza hutoa chembe zinazoanzisha barafu kwenye baridi ndogo sana, nyuzi chache tu chini ya sifuri, ambapo vumbi la kawaida halina uwezo huo. Mwaka 1974 ilithibitishwa kwamba bakteria mmoja anayeishi juu ya mimea, Pseudomonas syringae, anaweza kugandisha maji hata kwenye nyuzi mbili hivi chini ya sifuri, kwa kutumia protini iliyo kwenye ngozi yake. Kisha mwaka 1982 Schnell na S. N. Tan-Schnell wakachapisha makala kuhusu majani makavu ya chai ya Kenya, yale yanayolala chini ya vichaka, wakionyesha kwamba nayo ni chimbuko la chembe za barafu. Dhana yao ilikuwa kwamba wachumaji wanapopita kati ya mistari huyatifua majani hayo, chembe zinainuka na hewa ya mchana, zinaingia mawinguni, na kurudi jioni zikiwa mioyo ya mawe yanayoivunja chai ileile.

Dhana hiyo ni nzuri mno, na kwa sababu ni nzuri mno inastahili kutiliwa shaka kwa bidii. Mashamba makubwa ya chai yalianza Kericho katika miaka ya 1920. Milima ilikuwapo, ziwa lilikuwapo, upepo wa alasiri ulikuwapo, na msitu uliotangulia chai nao ulikuwa na majani yake ya kuoza. Kupata chembe za barafu ndani ya majani ni jambo moja. Kuonyesha kwamba chembe hizohizo ndizo zilizoanzisha jiwe lililoanguka Jumanne ni jambo jingine, na ni gumu mara nyingi zaidi. Ninaiamini nusu ya kwanza. Ya pili naisubiri.

Wenye mashamba, kwa upande wao, hawakusubiri nadharia. Katika miaka ya 1960 yalirushwa maroketi yenye vilipuzi kuelekea mawinguni, na baadaye zikaja ndege zilizotawanya moshi wa iodidi ya fedha. Kemikali hiyo ilichaguliwa na Bernard Vonnegut mwaka 1946 huko Marekani kwa sababu mpangilio wa fuwele zake unakaribiana sana na ule wa barafu. Wazo lilikuwa kuwapa matone mbegu nyingi mno ili yagawane maji, yawe mawe madogo mengi badala ya makubwa machache, na madogo yayeyuke kabla hayajagusa chai. Kwenye karatasi halina kasoro. Angani, tatizo ni kwamba wingu halirudiwi. Wingu lililopuliziwa moshi likatoa mawe madogo, nani ataonyesha lingetoa nini kama lingeachwa? Unahitaji mamia ya mawingu, nusu uyapulizie na nusu uyaache, ukichagua kwa kurusha sarafu, na mwenye shamba anayekodi ndege hataki kurusha sarafu. Dunia nzima imeendelea kubishana juu ya jambo hili kwa zaidi ya nusu karne.

Ugumu huo unazidishwa na tabia ya wingu lenyewe. Kumbuka chupa: kuganda kunatoa joto. Tone likiganda angani linaipasha hewa iliyolizunguka. Hewa iliyopata joto inapanda kwa kasi zaidi. Ikipanda inavuta mvuke mwingi zaidi kutoka chini, kutoka huku kwetu Kano, mvuke unakuwa matone, matone yanaganda, joto linaongezeka. Tokeo linarudi kuwa sababu. Wataalamu huita hali kama hii mwenendo usio wa mstari, maana ukiongeza sababu mara mbili hupati tokeo mara mbili. Unaweza usipate kitu, au unaweza kupata mara 100. Ilya Prigogine, mwanakemia wa kifizikia wa Brussels aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1977, aliutumia umri wake kuonyesha kwamba mifumo inayopitiwa na nishati bila kupumzika, mbali na utulivu, hujijengea maumbo ambayo utulivu hauwezi kuyatoa. Mfano wake aliopenda ulikuwa tabaka la kimiminika linalopashwa joto kutoka chini: kwanza halionyeshi kitu, kisha joto likivuka kiwango fulani hujigawa ghafla katika vyumba vya mzunguko, hapa maji yakipanda, pale yakishuka. Henri Bénard aliviona mwaka 1900. Mkulima wa Awasi huona vya kwake saa tano asubuhi, vile vijiwingu vyeupe vinavyotokea kwa nafasi zinazokaribiana juu ya mashamba yaliyopata jua.

Kutoka katika hesabu za joto hilohilo la kutoka chini, Edward Lorenz alichukua milinganyo mitatu tu na mwaka 1963 akachapisha ugunduzi kwamba hata mfumo usio na bahati nasibu ndani yake unaweza kukataa kutabirika, kwa kuwa tofauti ndogo kabisa ya mwanzo hukua hadi kumeza kila kitu. Ni mwaka uleule ambao Kenya ilipata uhuru. Na ni mwaka uleule ambao, kusini yetu kidogo, kijana wa kidato cha tatu katika shule ya sekondari ya Magamba, Tanganyika, alikuwa akitengeneza aiskrimu.

Hadithi ya Erasto Mpemba inajulikana, nitaipitia haraka. Nafasi kwenye friza ilikuwa inaisha, akaingiza maziwa yake yakiwa moto, na yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuwa moto. Mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Akaendelea kuuliza hadi alipokuwa katika shule ya Mkwawa, Iringa, ambako alimwuliza mgeni kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, Denis Osborne. Osborne alirudi akapima, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala pamoja. Kisichojulikana sana ni jinsi swali hilo lilivyoishi baadaye. Mwaka 1995 David Auerbach alionyesha kwamba jibu moja linaweza kuwa lilelile la chupa zetu za dukani: vikombe viwili havigandi vinapofika sifuri, kila kimoja hungoja punje yake, na kinachopata punje mapema hushinda. Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walipima tena kwa makini wakasema hawaoni ushahidi wa kutosha kwamba maji ya moto huwahi. Mwaka uliofuata, Zhiyue Lu na Oren Raz waliliondoa swali kutoka kwenye maji kabisa. Walithibitisha kwa mekanika ya takwimu kwamba mfumo unaopoa una njia kadhaa za kushukia, za haraka na za polepole, na kwamba kinachoanzia kwenye joto kubwa zaidi kinaweza kuikwepa ile ya polepole na kufika kwanza. Mwaka 2020 Avinash Kumar na John Bechhoefer, huko Kanada, walilishuhudia jambo hilo kwa chembe moja ndogo ndani ya maji iliyoongozwa kwa mwanga wa leza. Neno “Mpemba” leo linasomwa katika majarida ya fizikia na watu ambao hawatafika Magamba maishani mwao.

Nalitaja hilo kwa sababu moja. Maswali mawili makubwa ya kuganda kwa maji yametokea huku kwetu, moja kwenye friza ya shule na jingine juu ya mashamba ya chai, na yote mawili yamekwenda kutafutiwa majibu mbali. Sina kinyongo na waliokwenda nayo. Schnell alifanya kazi nzuri, Osborne alimsikiliza kijana ambaye wengine hawakumsikiliza. Lakini wingu la Kericho haliwezi kuhamishwa. Halafu siku hizi vifaa vinavyohitajika kwa hatua ya kwanza si vya ajabu. Kipimo alichokisanifisha Vali ni hiki: unapanga matone madogo 50 au 100 kwenye bamba la metali, unalipoza polepole, na kwa kila nyuzi unahesabu mangapi yameganda. Matone ya maji safi yaliyochemshwa na kuchujwa, kisha matone yenye vumbi la barabara ya Awasi, kisha yenye majani ya chai yaliyooza, kisha yenye majivu ya miwa iliyochomwa kabla ya kuvunwa. Ukichora michoro minne kwenye karatasi moja utakuwa na jambo la kusema. Chuo Kikuu cha Maseno kiko upande wa pili wa Kisumu. Kituo cha utafiti wa chai kiko Timbilil, Kericho, katikati ya hayo mawe. Awasi iko njiani.

Hata majivu ya miwa peke yake yanatosha kumpa kijana shahada. Kila msimu moshi unainuka kutoka Chemelil na Muhoroni, unaingia kwenye upepo uleule wa alasiri, na kufuata njia ileile ya kupanda. Huenda hauna uwezo wowote wa kuanzisha barafu. Huenda unao. Jibu la ndiyo na jibu la hapana yote mawili yana thamani kwa mkulima wa chai anayepoteza machipukizi yake ndani ya dakika kumi.

Kwa hiyo, mwalimu wa kemia au fizikia unayefundisha popote kati ya Ahero na Kericho, anza na daftari. Mawe yakianguka, andika tarehe, saa, muda yaliodumu, ukubwa wa jiwe kubwa kuliko yote uliloliona, na upepo ulikotoka. Andika pia kama siku hiyo mashamba ya jirani yalikuwa yakichumwa, yakipogolewa au yakichomwa, na usisahau kuandika zile siku ambazo wingu lilisimama jioni nzima na mawe hayakuja. Yaokote machache, yafunge kwenye mfuko safi, yaweke kwenye friza ya shule. Wape wanafunzi wako kazi hiyo msimu huu wa mvua, na shule ya jirani ikiiga, linganisheni madaftari.